Matufe Tisa ya Jiwe la Waridi

Siku Ralaivo alipoufikia moyo wa mlima hakumshukuru Mungu wala mtu. Alikaa kitako juu ya kifusi, akatema mate pembeni, akasema, "Sasa ndiyo unakuja? Miaka kumi na moja ulikuwa wapi?"

Alikuwa akiliambia jiwe.

Miaka saba alilichimba shimo lile yeye na mkewe Voahirana, na miaka minne akalichimba peke yake kama fuko. Kila mchimbaji wa Ambatomavokely anajua dalili zake. Ukishaumaliza udongo mwekundu unakuta jiwe jeupe, gumu, kama jino la ng'ombe. Nyuma ya jino unakuta ulanga, unaobanduka karatasi karatasi kama Biblia iliyolowa. Nyuma ya ulanga, kama mlima umependa, ndipo ulipo moyo. Milima mingi haipendi.

Huu ulikuwa umependa, tena umechelewa. Jiwe lilikuwa kubwa kama ndama aliyejilaza, rangi yake ya ufizi wa mtoto mchanga, halina hata ufa. Halikuwa na ncha wala pande kama mawe yanayojichonga yenyewe. Lilikuwa bonge tu, limejaza nafasi yote iliyobaki katikati ya mlima. Zamani wakubwa wa serikali walimtuma mtaalamu wa miamba, akawaeleza wachimbaji kwamba tumbo la mlima huo liliwahi kuwa uji wa moto, ukapoa polepole kutoka nje kwenda ndani. Jino liliganda kwanza, ulanga ukafuata, na la waridi likabaki katikati, la mwisho kupoa. Mtaalamu akala kuku wawili, akaandika kwenye daftari lake, akaondoka, na njia ikabaki na mashimo yaleyale.

Ralaivo alilipapasa jiwe kwa kiganja. Lilikuwa la baridi. Akawaza: wewe ndiwe utakayenirudishia mke wangu.

Maana Voahirana alikuwa amekufa, ndiyo, lakini hakuwa amefika. Alilala kwenye udongo wa muda, ng'ambo ya mto, kando ya njia, kama mzigo ulioshushwa mtu apumzike.

Mambo yalikwenda hivi. Kabla ya kuja shimoni, Voahirana alikuwa msaga mawe katika karakana moja mjini Antsirabe. Mwenye karakana aliona maji yanachelewesha kazi, kwa hiyo wakawa wanasaga pakavu, na vumbi la jiwe likaingia kifuani mwa Voahirana likajenga nyumba. Mwezi wa Februari, mvua za kimbunga, pumzi ikaanza kumkatika. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limekwenda na maji miaka mitatu kabla. Wakubwa walikuwa wamekuja kulipima mara tatu kwa kamba, na mara tatu wamekula kuku. Basi watu tisa wakamlaza mgonjwa juu ya ngazi, wakaingia naye majini, na Ralaivo nyuma yao. Walimvusha. Alikata roho ukingo wa pili, nguo zake hazijaanza hata kukauka. Mto ukapanda tena, kurudi haikuwezekana, wakamzika pale pale.

Kwao mwenye msiba lazima asimame. Awaite waliomsaidia mmoja mmoja kwa jina, awashukuru kwa hotuba yenye methali zake, ndipo watu waende nyumbani roho zao zimetulia. Ralaivo alisimama. Akasema, "Shukrani gani? Mngekuwa na akili mngewavuta mashati hao wakubwa wajenge daraja. Mnawapigia kura, mnawachinjia kuku, halafu mnabeba maiti. Nendeni kwenu." Akawapa mgongo. Miaka minne ikapita namna hiyo.

Sasa Agosti ilikuwa imekaribia, msimu wa kuwatoa wafu na kuwavika sanda mpya. Ramasy, kaka mkubwa wa Voahirana, alikuwa amekuja mpaka mlangoni, akakataa kuingia.

"Mnajimu ametoa siku, Jumamosi ya tatu," alisema. "Tunamtoa dada yetu kwenye ule udongo wa ugenini."

"Vema, shemeji. Kaburi letu nimelisafisha."

"Kaburi lenu la nini? Anakwenda kwa baba yetu."

"Ramasy! Waishio nyumba moja, wakifa kaburi moja. Hayo si maneno yangu, ni ya wazee."

"Wazee walisema hivyo, sikatai. Ila hawakusema mtoto wa watu akalazwe milele na mtu asiyejua kusema asante. Nilibeba ile ngazi mimi. Bega hili mpaka leo likiona baridi linalia. Ulinipa nini?"

Ralaivo akajibu kwa kuitukana serikali. Ramasy akamsikiliza mpaka mwisho, akavuta blanketi lake mabegani, akaenda zake.

Ndiyo maana jiwe lilipotokea Ralaivo alijua papo hapo la kufanya. Hotuba ilimshinda. Alikuwa ameishia darasa la tatu, na methali zote alizozijua zilikuwa za kuwasema wakubwa. Lakini watu wa kwao wana njia nyingine ya kufunga undugu: wanachinja ng'ombe, wanamgawa, kila nyumba inapata kipande cha mnyama yuleyule. Mkishakula nyama moja mmekwisha kuwa damu moja. Ng'ombe hakuwa naye. Jiwe alikuwa nalo. Atawagawia watu tisa jiwe moja, kila mtu fungu lake la waridi, na mdomo wake ubaki umefungwa.

Akaingia kazini na nyundo kubwa, kabari na mtaimbo. Siku mbili alilichinja. Jiwe lile ni gumu, linakwaruza chuma na chuma hakilikwaruzi, lakini likipigwa kwa hasira linapasuka ovyo kama chupa. Alilipiga kwa hasira. Kila pigo alilitajia jina la mkubwa mmoja, na wakubwa aliowajua walikuwa wengi.

Akavitoa vipande juani.

Vilikuwa vyeupe. Si vyeupe kabisa, lakini rangi iliyobaki ilikuwa ya maji yaliyosuuzia sufuria ya nyama. Akavigeuza, akavilamba, akavifuta kwa shati. Waridi lote lilikuwa limekwenda. Akaingia shimoni na taa kutafuta lilikomwagikia.

Alipotoka ndipo Bakoly alipomkuta. Bakoly alikuwa mdogo wake Voahirana, msaga mawe wa Antsirabe kama dada yake, mwanamke mwenye mikono ya mwashi na mdomo wa mchuuzi wa samaki. Alikuwa amekuja kuleta sanda za hariri, akapitia shimoni kumsalimu shemeji, au kumgombeza, atakavyokuta.

Alivitazama vipande, akashika kiuno. "Shemeji, nani amekufanyia uadui huu?"

"Mimi mwenyewe."

"Umelichinja?"

"Nimeligawa. Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe!" Bakoly akacheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikamgeukia, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Miaka yote hii unachimba, hujawahi kuona jiwe hili likipasuliwa?"

"Ningeonea wapi? Tunalipakia zima kwenye mkokoteni, wanunuzi wanalichukua zima, linakwenda kwa matajiri wa Ulaya kuwekwa kando ya kitanda. Sisi yetu ni mashimo."

"Ngoja na matajiri wako. Njoo hapa." Akachukua kipande kimoja, akakiinua kuelekea mbinguni. "Unaona nini?"

"Maji machafu."

Akakipachika cha pili nyuma yake, kisha cha tatu. Ralaivo akasogeza uso. Pale vilipopandana, waridi lilikuwa limerudi, hafifu, kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Halikumwagika popote," alisema Bakoly. "Rangi yake ni kidogo sana, imetawanyika ndani kama chumvi kwenye mchuzi. Inataka unene ndipo ionekane. Ukilikata dogo, linapauka. Lingekuwa zima ungepata meza yake, taa yake, sanamu ya kanisani. Sasa umepata kokoto."

"Basi. Ramasy amchukue dada yake."

"Hebu acha kufa kabla ya mnajimu kukupangia siku. Hivi vipande ulitaka vya nani?"

Ralaivo akamweleza. Bakoly akavirudisha vipande chini kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Mimi ni mmojawapo wa hao tisa, unakumbuka?"

Alikumbuka. Wanaume saba walibeba ngazi, wa nane akatangulia mbele kutafuta njia, na Bakoly alitembea majini akiwa ameweka viganja chini ya kichwa cha dada yake, maji yasimwingie masikioni. Ralaivo alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, akalipuuza kwa miaka minne.

"Chagua tisa visivyo na ufa, na vingine vya kuharibu," alisema Bakoly. "Visivyopungua ngumi mbili. Tunakwenda mjini."

Karakana ya sasa ya Bakoly ilikuwa ya ndugu watatu, na maji yalitiririka juu ya kila gurudumu, maana wenyewe walikuwa wamezika wenzao wa kutosha. Bakoly alimfunga Ralaivo kitambaa chenye maji puani kabla hajagusa kitu. Kipande kwanza kinakatwa kiwe mchemraba. Kisha kona zinabanduliwa kwa nyundo ndogo, tk tk tk, mpaka kifanane na kiazi. Kisha kinawekwa kati ya vikombe viwili vya chuma vinavyozunguka, pamoja na maji na unga mkali, na mtu anakigeuza na kukigeuza, siku nzima, mpaka kiazi kisahau kwamba kiliwahi kuwa na kona.

Siku tatu za kwanza Ralaivo aliharibu, akalaumu umeme, akalaumu kampuni ya umeme, akalaumu waliopandisha bei ya unga mkali.

"Shemeji," alisema Bakoly bila kuinua macho, "gurudumu halipigi kura."

Siku ya nne mikono ikaanza kunyamaza. Na mikono ilipokuwa inageuza jiwe, kichwa hakikuwa na pa kukimbilia, kikarudi mtoni. Tufe la kwanza lilipokuwa linazunguka alimwona Remi, mkuu wa kitongoji, mtu ambaye Ralaivo alimchukia kuliko gharika. Remi alikuwa ametangulia mbele ya ngazi, anapapasa mchanga kwa miguu mitupu, anapiga kelele, "Shimo hapa! Zungukeni!" Ralaivo alikuwa ameisahau sauti ile. Tufe la pili likamletea mzee Rajaona mfinyanzi, aliyevua koti lake, la pekee, akamfunika mgonjwa, akavuka akitetemeka. Hivyo hivyo mpaka tufe la nane. Kila moja lilikuja na mtu wake, amelowa, anahema, hajaitwa wala hajalipwa.

La tisa alipolimaliza na kuling'arisha, Bakoly alimshika mkono akamtoa uani. Ilikuwa saa sita mchana, jua la baridi limesimama juu ya paa, halina wingu.

"Liinue. Usilitazame jiwe, tazama mwanga uliokaa juu yake."

Ralaivo akatazama. Juu ya tufe, katika ule upauko aliouonea aibu, ilikuwepo nyota. Miale sita, myembamba, imekaa kama buibui. Alipoinamisha mkono, nyota ikatembea. Alipourudisha, ikamfuata.

"Ndani mna nyuzi," alisema Bakoly. "Nyembamba kuliko unywele mara nyingi, huzioni. Zenyewe ndizo zinazolitia jiwe hili waridi lake, ndivyo wanavyosema waliosoma. Mwanga ukizikuta unachora hiyo nyota. Ila lazima liwe duara, tena lisagwe vizuri. Bonge lako lote lile, zima, lisingekuonyesha."

Ralaivo akainamisha mkono tena, nyota ikatembea tena.

"Dada alikuwa akimaliza tufe hampelekei kwanza mwenye karakana. Analileta hapa nje, anaitafuta nyota, akiipata anasema asante. Nikamuuliza, unamshukuru nani, yule mnyonyaji? Akasema, 'Namshukuru yeyote. Hili litakwenda mbali, lakini nimeliona kwanza mimi.'"

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Alikuambia."

"Lini?"

"Kila mara. Wewe ulikuwa unamtukana waziri."

Ralaivo akakaa juu ya kizingiti, tufe mkononi. Bakoly alirudi ndani, akafungua maji, akamwacha.

Jumamosi ya tatu ya Agosti watu walijaa ukingoni mwa mto ng'ambo ile, wa upande wa Ramasy na wa upande wa Ralaivo, na bendi ya zumari na ngoma, na wali wenye mafuta ya nguruwe kwenye makarai. Voahirana alitolewa. Wanawake walimfunga sanda mpya juu ya ile ya zamani, wakamlaza kwenye mkeka, wakamwambia habari za nyumbani, nani amezaa, nani ameezeka bati. Halafu bendi ikanyamaza, maana watu wote walijua mahali walipofika. Ukishika njia ya magharibi unakwenda kwenye kaburi la baba yake. Ukishuka mtoni na kuvuka unakwenda kwa Ralaivo. Ramasy alikuwa amesimama kwenye njia ya magharibi, mikono nyuma.

Ralaivo akaja na kikapu. Akampa kila mmoja wa wale tisa tufe lake, asifungue mdomo, kama alivyopanga tangu mwanzo.

Mzee Rajaona akalipima mkononi. "Zuri. Linaliwa?"

Watu wakacheka. Remi akaligeuza huku na huku. "Limepauka hivi, Ralaivo, au nalo lina njaa?"

Ramasy hakucheka. "Ralaivo, jiwe halina mdomo," alisema. "Mwenye mdomo ni wewe."

Basi ikabidi. Ralaivo akavua kofia. Alitafuta methali, hata moja, hakuipata. Mkeka ulikuwa hatua tatu kutoka alipo.

"Remi," alisema. "Wewe ni mkuu wa kitongoji mwaka wa kumi na mbili, na daraja hakuna. Kwa hilo sikushukuru, wala sitakushukuru kaburini."

Watu wakaguna. Bakoly akafumba macho.

"Lakini siku ile ulitangulia mbele. Ulikuwa huna viatu. Ulisema shimo hapa, zungukeni. Usingesema, tungemzamisha. Nakushukuru." Akamgeukia mfinyanzi. "Mzee Rajaona, koti lako nililiona. Lilikwenda naye udongoni, sikukurudishia. Nakushukuru. Bakoly, masikio yake yalikuwa makavu. Niliyashika alipokwisha, yalikuwa makavu. Ramasy…"

Akaikunja kofia mkononi. Akaanza upya.

"Ramasy, ulibeba nyuma, kulikoelemea. Ulipoteleza ulipiga goti ukaiacha ngazi ikae begani, haikuinama. Lile bega. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikaona, na sikulisemea neno miaka minne. Mlimleta mpaka huku akiwa hai. Aliuona ukingo. Mimi nilikasirika kwa yale tusiyoyapata, nikayatupa na yale tuliyopewa. Nawashukuru. Sina methali."

Akawataja na wengine watano, kila mtu na alichofanya. Akawaambia wayainue mawe yao juani, wasitazame jiwe, watazame mwanga.

Watu tisa walisimama wameinua mikono, wanainamisha viganja huku na huku, na majirani wanachungulia juu ya mabega yao. "Ee, inatembea!" alisema Remi, kwa sauti ya mtu aliyesahau cheo chake. Mzee Rajaona alilishika la kwake kwa mikono miwili, midomo ikimcheza.

Ramasy alilitazama la kwake muda mrefu kuliko wote. Mwisho akalitia kwenye mfuko wa koti, akaufunga kifungo.

"Shemeji," alisema, "nimehudhuria hotuba tangu nazaliwa. Hii ndiyo mbovu kupita zote."

"Niliishia darasa la tatu."

"Inaonekana." Akaiacha njia ya magharibi, akaja mpaka kwenye mkeka, akainama upande wa miguu. "Haya, simama upande wa kichwa. Unataka tumpeleke kwako kwa kupiga domo?"

Bendi ikalipuka. Wakauinua mkeka, wale tisa na Ralaivo wa kumi, wakashuka nao mtoni wakicheza. Agosti maji huwa ya magotini, baridi yake inauma mifupa. Bakoly aliweka kiganja chini ya kichwa cha dada yake, ingawa safari hii hapakuwa na haja.

Katikati ya mto Remi akateleza, akapiga kelele, "Hili daraja! Hawa wakubwa, mwaka huu mimi mwenyewe nita…"

"Nyamaza, Remi," alisema Ralaivo. "Angalia unapokanyaga. Daraja tutalitukana kesho."